Ukurasa wa Mtu Anayeanza

Kila mtu alimwita Dada, hata waliomzidi umri. Jina hilo lilimganda zamani, alipokuwa karani wa mapokezi katika zahanati moja yenye korido nyingi, ambako watu walifika wakiwa wamechanganyikiwa, wakainama kwenye kidirisha chake na kusema, "Samahani Dada, dawa wanatolea wapi?" Naye aliwaelekeza. Kazi ile aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Alikuwa na kipaji cha kujua mgeni anaona nini. Mgeni haoni "kitengo cha maabara". Anaona mlango wa bluu wenye kitasa kilicholegea. Basi Dada alimwambia mlango wa bluu, na mtu akafika.

Aliiacha kazi hiyo mama yake alipoanza kupotea.

Mama alianza kwa kusahau sufuria jikoni, jambo ambalo halikumshtua mtu. Kisha akasahau kwamba mume wake alishafariki, akawa anamwekea chakula. Siku moja alitoka na gauni la ndani, akatembea mpaka kituo cha mafuta, na waosha magari wa pale ndio waliomfunika koti na kukaa naye mpaka Dada alipofika akihema. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, hauna dawa, na mgonjwa asiachwe peke yake. Aliyasema hayo huku akiandika, bila kumtazama yeyote. Kisha akauliza, "Nyumbani mko na nani?"

"Na mimi," Dada akajibu.

Alikuwapo mdogo wake pia, kitindamimba, msusi mwenye saluni upande wa pili wa mji. Huyu alikuja siku za mapumziko na mfuko wa matunda, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kutoa pole. Dada alipomwomba ashike zamu japo mchana mmoja, alikunja uso.

"Dada, mimi simjui kama unavyomjua wewe. Akianza yale mambo yake nitafanyaje? Wewe umeshamzoea. Si unakaa naye tu?"

Waliishi ghorofa ya tatu: vyumba viwili, sebule, na jiko ambalo dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo jingine. Baada ya ile safari ya kituo cha mafuta, Dada alimwita fundi akaweka kitasa kinachofungwa kwa ufunguo ndani na nje. Ufunguo aliutia kwenye kamba ya kiatu, akauvaa shingoni ndani ya blauzi, maana Mama alikuwa na mkono mwepesi. Vitu vya sokoni aliagiza kwa watu. Waliotumwa walirudi na nyanya zilizopondeka, naye akazipokea na kushukuru. Hewa aliivuta dirishani jikoni, akiutazama ule ukuta mpaka akazijua nyufa zake kama mtu anavyojua viganja vyake.

Kazi aliyoweza kuifanya mle ndani aliipata kwa mtu aliyemfahamu tangu zahanati: kuandika maneno yanayopita chini ya video za mafunzo, ili wasiosikia vizuri waweze kufuata. Aliambiwa atumie programu fulani huria, yaani programu ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua, kuifungua aone ilivyoundwa, kuirekebisha na kumgawia mwenzake. Dada alicheka kidogo kusikia hivyo. Angalau kitu kimoja mle ndani kingekuwa huru.

Hatua ya kwanza ya mwongozo wa kuiweka programu hiyo kwenye kompyuta ilisema hivi: "Baada ya kuandaa mazingira yako kama kawaida, endesha tu faili la usakinishaji."

Dada aliisoma sentensi hiyo mpaka ikapoteza maana. Mazingira gani? Kawaida ya nani? Na faili linaendeshwaje, kwani ni gari? Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, kompyuta ikamwandikia mistari mingi myekundu kama inayomgombeza. Mama alikuwa akizunguka nyuma yake akihesabu vijiko. Dada akafunga kompyuta, akaifungua tena, akaenda kuuliza kwenye jukwaa la watumiaji, ule ukurasa wa mtandaoni ambamo watu huuliza na wenzao huwajibu.

Aliyemjibu alijiita Bisibisi. Ndiye aliyeuandika mwongozo wote wa Kiswahili, na ndiye aliyejibu karibu kila swali pale jukwaani, kwa maneno machache yaliyokatwa kama kwa shoka.

"Soma mwongozo, hatua ya kwanza."

"Nimeisoma. Hapo hapo ndipo nilipokwama."

"Ni rahisi tu."

Neno lile "tu" lilimchoma. Alirudi kwenye mwongozo akaanza kuziwinda "tu" zote: bonyeza tu, fungua tu, badilisha tu, hifadhi tu. Palipokuwa na "tu" ndipo alipokuwa amekwama. Akaona kwamba mtu aliyekwama kwenye jambo la "tu" hana hata uso wa kuuliza, maana ameshaambiwa kwamba jambo lenyewe halina swali ndani yake. Na hilo alilijua vizuri. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kukaa tu nyumbani.

Ilimchukua siku nyingi za kujaribu na kukosea, Mama akiwa amelala au akiwa ameduwaa mbele ya redio. Hatimaye programu ikafunguka. Mtu mwingine angeshukuru na kuendelea na shughuli zake. Dada alikaa akaandika kila alichokiona njiani, kingali kibichi kichwani, kwa kuwa alijua kwamba si muda mrefu angesahau jinsi ilivyokuwa kutojua, na yeye pia angeanza kuwaambia watu ni rahisi tu.

"Ukurasa huu ni wako kama hujawahi kufanya jambo hili," aliandika. "Tenga muda. Ukibonyeza, utaona kisanduku cha kijivu katikati ya skrini. Usipokiona, hujaharibu kitu. Shuka aya ya chini, tutakitafuta pamoja."

Akautuma kwa Bisibisi kama pendekezo la marekebisho. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa.

"Ni mrefu mno. Tena maneno ni ya kitoto. Mwongozo wetu umeandikwa kwa watu wanaojua wanachofanya."

"Wanaojua wanachofanya wana haja gani na mwongozo?" Dada akamwandikia.

Bisibisi hakulipokea pendekezo.

Mlango wa kuelekeana na wao aliishi mwalimu wa chekechea, mwanamke mcheshi ambaye kompyuta aliijua kwa kuandikia barua, basi. Dada alimwomba aje mchana mmoja. Alimkalisha mbele ya kompyuta, akamfungulia ule ukurasa, akampa sharti moja.

"Soma kwa sauti, ufanye kile unachoelewa. Mimi sisemi kitu."

"Hata nikiharibu?"

"Ukiharibu, kosa ni langu niliyeandika."

Dada akaikalia mikono yake ili isije ikanyooka yenyewe. Mwalimu akaanza vizuri, kisha akasita.

"'Fungua folda ulikopakulia.' Mwenzangu, kupakua si chakula? Nimepakua saa ngapi, na sahani iko wapi?"

Dada aliuma midomo. Kunyamaza kulimuuma kuliko alivyotarajia. Jibu lilikuwa limejaa mdomoni kama maji ya kusukutua. Mwalimu akabahatisha, akapotea, akarudi. Mama akaja taratibu kutoka chumbani, akasimama nyuma yao kama mkaguzi, akakichukua kipanya cha kompyuta, akakitia mfukoni mwa sweta na kwenda zake.

"Na hili limo kwenye mwongozo?" mwalimu akauliza.

Walicheka mpaka mwalimu akafuta machozi kwa mkono wa blauzi. Kwa Dada kilikuwa kicheko cha kwanza kirefu baada ya muda mrefu, na kilipokwisha kilimwacha na huzuni asiyoielewa. Mwalimu aliaga, Dada akamfungulia mlango, akaufunga tena nyuma yake, akaurudisha ufunguo kifuani.

Kila mahali aliposita mwalimu, Dada aliandika upya. Safari hii alipotuma, aliambatanisha maelezo: hapa jirani yangu alisimama, hapa alibahatisha, hapa alisema "basi mimi mjinga" na hakuwa mjinga. Siku kadhaa zikapita. Kisha Bisibisi akajibu neno moja: "Sawa." Ukurasa ukawekwa mbele ya mwongozo mzima.

Wageni wakaanza kuingia jukwaani. Waliokuwa wakikwama hatua ya kwanza sasa walikuja kulia hatua ya tano. Bisibisi alilalamika kwamba maswali ya hatua ya tano yamekuwa mengi, mpaka alipong'amua kwamba zamani hakuna mgeni aliyewahi kufika huko. Baadhi yao walimwandikia Dada. Mmoja alisema alikuwa amekata tamaa kwa sababu alidhani umri wake umeshapita. Dada aliyasoma hayo akiwa jikoni, kijiko mkononi, na kwa muda mfupi ukuta wa mbele haukuwapo.

Alasiri moja Bisibisi akapiga simu. Sauti yake haikufanana na maandishi yake. Ilikuwa ya mtu mpole aliyechoka.

"Dada, nimekuja kukiri," alisema. "Juzi ndiyo mara ya kwanza nimekula chakula cha mchana hadi mwisho bila mtu kuniuliza kitu. Harusi ya binti yangu nilijibu maswali nikiwa nimesimama nyuma ya gari la maharusi."

"Sasa kaka, kwa nini hukuandika vizuri tangu zamani?"

"Nilipenda kuulizwa. Unajua vile, mtu anakuja amekwama, na wewe peke yako ndiye unayejua. Inapendeza. Baadaye nikachoka, na nilipochoka nikakuta hakuna mwingine anayejua. Wote wananiambia, wewe ndiye mwenyewe."

Kisha akasema jambo lililomleta. Wale wanaojitolea kuandika miongozo ya programu walikuwa wanakutana mji wa jirani mwisho wa mwezi, na walitaka Dada aende kuwaonyesha namna anavyokaa na mtu na kunyamaza.

"Siwezi," Dada alisema. "Nimefungiwa."

"Nani amekufungia?"

"Hakuna. Ufunguo ninao mimi."

Bisibisi alidhani ni utani, akacheka. Dada alicheka pamoja naye kwa adabu. Simu ilipokatika alibaki ameishika. Mwisho wa mwezi walikutana bila yeye. Mtu mwingine alisimama akausoma ukurasa wake kwa sauti, wakapiga makofi, wakamtumia picha. Katika picha watu walikuwa wamekaa barazani na upepo umewapeperusha nywele.

Ila maneno ya Bisibisi, kwamba alipenda kuulizwa, yalimkaa kichwani. Alikumbuka mara chache ambazo mdogo wake alijaribu. Mdogo wake alishika taulo, na yeye, "Wacha, wacha, nitafanya mwenyewe." Alimlisha Mama uji, na yeye, "Sio hivyo, leta hapa." Ni kweli mdogo wake alikuwa na visingizio. Ni kweli pia kwamba Dada alikuwa akimpokonya kijiko. Hasira ilimpanda, na kwa mara ya kwanza hakujua amwelekezee nani.

Kesho yake alifungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta, akaandika: "Ukurasa huu ni wako kama hujawahi kukaa na Mama peke yako."

Hakuandika "muogeshe". Aliandika: usimwambie twende tukaoge, mwambie, naomba unisaidie kubeba taulo. Akifika bafuni, mwache asikie maji yakimiminika ndooni kwanza. Kioo cha bafuni kifunike shuka, kwa sababu humwona humo mwanamke asiyemjua na kumwonea aibu. Akisema kuna wezi, usimbishie. Mwombe mkakague milango pamoja. Akiuliza Baba yuko wapi, usimwambie amefariki. Kwake itakuwa habari mpya, naye atalia upya. Mwambie amechelewa kazini.

Alipofika hapo aliinuka akaenda kunawa uso. Halafu akaendelea. Akapitia tangu juu, akafuta "tu" zilizompenya bila kujua.

Jumamosi mdogo wake alipokuja na matunda, alimkuta Dada amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, mikono ameikalia.

"Nimekutumia kitu kwenye simu. Soma, ufanye. Mimi leo simo."

"Dada, jamani."

"Simo."

Mdogo wake alisoma kwa sauti. Habari ya taulo ilifanya kazi. Mama alilibeba kwa heshima zote kama amepewa zawadi. Bafuni sabuni ikaruka. Mama akapiga ukelele, na ukelele ule Dada aliujua, ulikuwa wa hofu wala haukuwa wa maumivu, lakini miguu yake haikujua tofauti. Akajikuta bafuni, taulo mkononi. "Wacha, wacha, nitafanya mwenyewe."

Mdogo wake akasogea pembeni, nguo zimelowa. "Basi mwongozo wa nini?"

Hawakusemeshana mpaka jioni. Alipokuwa anaaga, mdogo wake alisimama mlangoni akisubiri afunguliwe, akasema bila kumtazama, "Halafu umeandika 'ukimaliza mguu mmoja, osha wa pili.' Hukusema nianze na upi. Nilianza na wa kulia, ndio maana."

Dada alikwenda kuangalia. Ilikuwa kweli. Mguu wa kulia wa Mama ulikuwa na goti bovu, na ukiushika kwanza anashtuka. Jambo hilo alilijua siku zote bila kujua kwamba analijua. Akaliandika, akamtumia mdogo wake usiku huo huo na neno moja la ahsante.

Jumamosi iliyofuata sabuni haikuruka. Iliyofuata hiyo, Mama alilia kidogo na Dada hakuinuka, ingawa alikishika kigoda mpaka vidole vikafa ganzi. Na baada ya hapo mdogo wake alinyoosha mkono akasema, "Haya, nipe ufunguo. Nenda ukatembee."

Dada aliuvua. Mahali ulipokuwa ukikaa, ngozi ilikuwa imefanya alama.

Alishuka ngazi akiwa amevaa nguo nzuri, akatoka barabarani, na pale akasimama. Hakuwa amepanga pa kwenda. Alipita duka la vitambaa, akashika vitambaa viwili vitatu, muuzaji akamuuliza anataka nini, akashindwa kujibu. Alikaa kwenye benchi la fundi viatu, ila masikio yake yalibaki ghorofani. Kila mlango uliobamizwa mtaani ulikuwa mlango wake. Akarudi kabla ya wakati waliokubaliana. Akafika mbele ya mlango, na mlango umefungwa kwa ndani. Aliposogeza sikio alimsikia mdogo wake akisoma polepole, "'Akisema kuna wezi, usimbishie,'" kisha akamsikia Mama akisema jambo, na miguu ya watu wawili ikienda dirisha hadi dirisha.

Dada aliushusha mkono aliokwisha kuuinua ili abishe. Akakaa kwenye ngazi.

Mwalimu wa chekechea akapanda na mfuko wa mkate, akamkuta. "Vipi, umefungiwa nje?"

"Leo ndiyo," Dada alisema, na mwalimu akakaa naye, wakala mkate mkavu bila maneno mengi mpaka muda ukafika.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo mpaka leo. Ziko Jumamosi anazotoka, na siku hizi huweza kufika hata bustani ya manispaa na kukaa kidogo. Ziko ambazo hatoki. Siku nyingine zote za juma mlango umefungwa na yeye yuko ndani. Bisibisi amemwachia kurasa za wageni zote azitunze. Naye anasisitiza kila ukurasa uwe na mtu wa pili anayeujua, na wenzake wanaoandika miongozo humwona msumbufu kwa hilo.

Jumamosi moja mdogo wake alipiga simu dakika za mwisho. Kulikuwa na bibi harusi saluni, na kichwa chake hakijafika hata nusu. "Samahani Dada. Wiki ijayo, haki ya Mungu."

"Haya, hakuna neno," Dada alisema.

Alikuwa ameshavaa viatu. Hakuvivua. Alikaa mbele ya kompyuta, akakuta mtu mgeni amekwama hatua ya tano na anaomba radhi kwa kuuliza swali la kijinga. Dada akaanza kumwandikia kwamba swali hilo halina ujinga wowote. Mama akatoka chumbani, akamtazama miguuni.

"Tunakwenda wapi?" akauliza.

"Leo hatuendi popote, Mama."

Mama hakumwamini. Alirudi chumbani, akachakura chini ya kitanda, akaja na viatu vyake vyeusi vya zamani, akakaa kitini na kuunyoosha mguu wa kushoto ili avalishwe. Dada akapiga goti akamvalisha, kisha ule wa kulia, polepole. Halafu akarudi kwenye kompyuta akaendelea na jibu la yule mgeni, na Mama akakaa kando yake ameshika mkoba mapajani, wote wawili na viatu vyao miguuni, mpaka giza likaingia sebuleni na Dada akainuka kuwasha taa.